Dakika Kumi Juu ya Ndoo

Kila siku saa tatu asubuhi nilikuwa napindua ndoo ya kufulia nyuma ya jiko letu, nakaa juu yake, nawasha saa ya kwenye simu, na kwa dakika kumi sisemi neno. Mbele yangu kulikuwa na mraba wa kamba nyekundu, mita moja kwa mita moja, umefungwa kwenye vijiti vinne. Kwa mtu mwenye haraka, ndani ya mraba ule hamkuwa na kitu ila magugu: kishonanguo, mrehani uliojiotea, na mmea mmoja wa maua ya zambarau ambao hakuna aliyeukaribisha. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kila mdudu anayetua juu ya ua. Usimfukuze, usimguse. Akitua, unapiga mstari kwenye daftari. Asipotua, hamdaiani.

Siku hiyo nilikuwa nimefika wa kumi na nne, nyuki mwembamba aliyejipaka chavua mpaka magotini kama mtoto aliyeingia kwenye unga, pale kitu kizito kilipotua mgongoni mwangu.

"Usigeuke, mama," alisema baba. "Nakupima."

Lilikuwa bomba la kupulizia dawa. Jipya, dogo kuliko lake, lenye mikanda ya manjano. Baba alivuta mkanda wa kulia, akalegeza wa kushoto, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa kama mama anavyofanya akimvalisha mteja gauni.

"Linakubana kwapani?"

"Hapana, baba."

"Hebu tembea kidogo."

Nikatembea kidogo, mbele ya nyuki wa kumi na nne, ambaye aliondoka. Ningekuwa yeye ningeondoka pia.

"Limekukaa kama umezaliwa nalo!" Baba alipiga makofi. "Tarehe moja tunaanza. Asubuhi unaandika kumbukumbu za wateja, maana hilo ndilo ulilosomea, mchana tunapiga dawa pamoja. Umefurahi?"

"Nimefurahi, baba. Asante."

Nilipoketi tena, dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Nikaandika kumi na nne, na kwenye sehemu ya maelezo nikaandika: "Mhesabuji alisumbuliwa kidogo."

Baba yangu anaua wadudu. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana ndiyo kazi iliyonilisha na kunisomesha. Mende, kunguni, mchwa, viroboto, siafu, miaka thelathini sasa. Akimaliza nyumba, hugonga mlango wa mwenyewe na kutamka neno moja tu, "Kwisha!", na kwa ajili hiyo mji mzima unamwita Bwana Kwisha. Ubavuni mwa kigari chake pameandikwa KWISHA, na chini yake, TUNAMALIZA WADUDU WA AINA ZOTE. Wiki ile alikuwa amemwita fundi wa kuchora mabango aongeze maneno mawili baada ya jina: NA BINTI.

Na mimi ndiye binti. Wa pekee.

Fundi huyo, aliyependa kuitwa Msanii, alikuwa anakuja akipata nafasi, anachora herufi moja au mbili, anaondoka na brashi yake sikioni. Nilimpenda kwa uvivu wake. Kila herufi aliyoiacha bila kuchora ilikuwa siku moja zaidi ya kutafuta ujasiri.

Maana nilikuwa na jambo la kumwambia baba. Miezi miwili nyuma niliona tangazo kwenye ubao wa maktaba: watu wa kujitolea wanatafutwa, wahesabu wadudu wanaotembelea maua, dakika kumi kila siku, siku themanini na nne. Si lazima uwe mtaalamu. Unatuma hesabu yako kwa simu, inakutana na hesabu za madereva, wauguzi na wastaafu wa sehemu nyingine, na zote kwa pamoja zinaonyesha wadudu wako wapi, wanapungua wapi, na wapi wapewe nafasi ya kuishi. Watakaomaliza bila kuruka hata siku moja watafikiriwa kwa nafasi ya msaidizi wa mradi. Chini kabisa kulikuwa na masharti, na la kwanza lilisema: Kaa kimya.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Maisha yangu yote watu wameniambia nipaze sauti. Hatimaye kazi ilikuwa imenitafuta mimi.

"Umemwambia?" mama aliniuliza siku ile ya bomba. Mama ni mshonaji, cherehani yake iko barazani, na hakuna linalompita mbele wala nyuma ya nyumba.

"Bado."

"Si ulisema leo?"

"Alinivalisha bomba kwanza."

Mama akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, wewe ukiungua utaomba radhi kwa moto."

"Nitamwambia Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Ijumaa ikapita. Msanii akamaliza NA. Baba alikuwa ananikuta kwenye ndoo, anauliza, "Bado zoezi lako la chuo?" na mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo mwaka mzima nyuma, nilijibu, "Ndiyo, baba."

Siku ya sabini homa ikaniangusha. Nilijaribu kuinuka, chumba kikazunguka, nikajikuta nimekumbatia mguu wa kitanda. Mama alikuwa ametoka alfajiri kupima sare za shule moja. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro dakika tano, na kuruka siku moja kulimaanisha nafasi imekwenda na maji.

"Baba," niliita. "Nihesabie wadudu waliomo ndani ya kamba. Dakika kumi tu. Idadi niandikie kwenye karatasi."

Hapo ndipo nilipopaswa kuongeza maneno. Nilijua. Lakini kumweleza Bwana Kwisha namna ya kukaa na wadudu kwa upole niliona ni utovu wa adabu, kama kumfundisha mpishi kushika mwiko, na juu ya hayo angeniuliza kwa nini, na jibu la kwa nini ndilo nililokuwa nimelificha miezi miwili. Nikasema, "Ni zoezi tu, baba."

"Zoezi la mwanangu ni kazi yangu," alisema, akavuta shuka akanifunika mabega.

Alirudi baada ya dakika arobaini. Aliingia kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo, amebeba sinia kubwa la mama kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mchuzi wa moto. Akaliweka juu ya kitanda. Kwenye sinia palikuwa na kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa wamelala wadudu, wamepangwa mistari iliyonyooka, wakubwa juu, wadogo chini, na pembeni ya kila mstari namba ya penseli.

"Sitini na tatu!" alisema baba. Uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Mwanzoni nilijaribu kwa macho. Hawatulii, mama! Unamhesabu huyu, kumbe ndiye yule wa mwanzo amezunguka. Nikasema hapana, mwanangu hawezi kupeleka hesabu ya kubahatisha. Nikatandika kitambaa, nikafanya kama tunavyofanya kwa wateja."

Ndivyo wafanyavyo. Katika kazi ya baba, anayesema kuna mende mia lazima aonyeshe mende mia. Kabla ya kupuliza hutandika kitambaa cheupe chini, na baadaye huwapanga maiti ili mwenye nyumba aone kwa macho yake. Mteja haamini mpaka aone. Kwake yeye, kuhesabu wadudu kulikuwa kazi ya aina moja tu, na alikuwa ameniheshimu kwa kuifanya vizuri kuliko alivyowahi kuifanyia jiko la mtu yeyote.

"Hakuna hata mmoja niliyemhesabu mara mbili," aliongeza.

Hilo lilikuwa kweli. Mstari wa tatu, wa nne kutoka kushoto, alikuwapo nyuki mwembamba, chavua magotini.

"Asante, baba," nilisema, nikageukia ukuta.

Alidhani ni homa. Akaniletea maji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanipepea kwa karatasi yenye idadi.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akalitazama sinia lake kwa muda mrefu.

"Umemwambia?"

"Amenihesabia."

"Naona." Akavua viatu, akakaa chini. "Sikia, mwanangu. Ama umwambie wewe, ama nimwambie mimi, na mimi nikisema, hata jirani wa tatu atajua."

"Nitasema mwenyewe."

Jioni nilifungua fomu kwenye simu. Ningeweza kuandika kumi na tano. Kumi na tano ilikuwa idadi ya kawaida, na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na kidole hewani. Halafu nikaandika sitini na tatu, na kwenye maelezo nikaandika: "Wote wamekufa. Baba yangu aliwapulizia dawa ili awahesabu vizuri. Kosa ni langu, sikumweleza." Nikatuma, nikaificha simu chini ya mto kama vile ingeniuma.

Haikupita dakika tatu ikatetemeka. Alikuwa mratibu wa mradi, mama mmoja ambaye sisi wahesabuji tulimwita Mama Vipepeo. "Usitupe hata mmoja," aliandika. "Nakuja kesho."

Alikuja kweli, mwanamke mfupi mwenye begi kubwa na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Baba alikuwa amevaa shati lake la wageni. Nilimwambia tu kwamba mkubwa wa zoezi anakuja kuona hesabu, naye alikuwa amelipangusa sinia kingo zote na kuliweka nyuma ya jiko, kando ya kamba.

Mama Vipepeo akapiga magoti, akaweka lenzi jichoni, akafuata mstari mmoja mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke, hata ufa mdogo, mimi si mnene.

"Nani amewapanga hivi?" aliuliza.

"Mimi hapa," alisema baba.

"Hawa wawili umewatenganisha kwa nini? Si wamefanana?"

"Wamefanana wapi, dada yangu? Huyu ni nyuki, ana mabawa manne, mtazame. Huyu ni nzi aliyevaa nguo za nyuki. Mabawa mawili tu. Tapeli! Nimeshaitwa nyumba ngapi watu wamejifungia chumbani wanamkimbia nzi."

"Na huyu?"

"Huyu hutoboa udongo. Usimtafute mzingani, hakai na wenzake. Na huyu mweusi hukaa kwenye nyufa za mbao, hata kuuma hajui."

Mama Vipepeo aliinua macho kwangu, kisha akamgeukia baba. "Binti yako kwa siku sitini na tisa ametuandikia aina saba. Wewe umepanga hapa aina kumi na tisa."

Nilihisi masikio yanawaka. Wanne kati ya hao kumi na tisa nilikuwa nimewaandika wote "nyuki mdogo mweusi". Baba alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyempita mwanawe kwenye mbio bila kukusudia.

"Ila, mzee wangu," Mama Vipepeo aliendelea, taratibu sana, "sisi huwa tunawahesabu wakiwa hai."

Barazani, cherehani ya mama ilisimama.

"Wakiwa hai," baba alirudia.

"Ndiyo. Halafu tunawaacha."

"Mnawaacha waende wapi?"

"Waendelee na shughuli zao."

Baba akatazama sinia. Akatazama mraba wa kamba, ambao asubuhi ile hakuna kilichosogea ndani yake ila majani. Akaketi juu ya ndoo yangu taratibu.

"Mama," aliniambia, "kwa nini hukuniambia?"

"Samahani, baba," nilisema. Halikuwa jibu, na sote wawili tulijua.

Nilimsindikiza mgeni mpaka langoni. Nilisubiri kuambiwa nirudishe kamba.

"Siku yako ya jana imehesabiwa," alisema badala yake. "Watu hunitumia namba nzuri nzuri. Wewe uliandika 'wote wamekufa' na ukaweka jina lako. Huyo ndiye ninayemtaka. Nafasi ya msaidizi ni yako, ukiitaka. Nijibu kabla ya tarehe moja." Akavuta begi begani. "Na usiache kuhesabu. Hata sifuri ni hesabu. Tunataka kujua wanarudi baada ya siku ngapi."

Kwa hiyo nikahesabu sifuri. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Dakika kumi za kutazama mraba ambao hakuna anayeujia, na bado huruhusiwi kuondoka.

Alasiri ile ile mgeni alipoondoka, baba alivaa glavu, akakata matawi yote yaliyolowa dawa, akayafunga kwenye mfuko. "Atakayekuja asikute sumu mezani," alisema. Akaacha shina la kishonanguo lililokuwa kando, ambalo dawa haikulifikia, likiwa na vichipukizi viwili vya kusikitisha.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama nyuma yangu.

"Wangapi?"

"Sifuri."

"Hata nzi?"

"Hata nzi."

Siku ya nne alitikisa kichwa. "Ajabu. Miaka thelathini naitafuta hiyo sifuri. Kwa mteja nikiipata napewa mkono. Hapa kwetu mbona inanuna?"

Siku ya sita alirudi kutoka kazini na chupa ya kioo, kifuniko kimetobolewa matundu. Ndani yake nyigu wawili walikuwa wanazunguka kwa hasira. Kwa mara ya kwanza maishani mwake baba yangu alikuwa ametoka na mdudu nyumbani kwa mteja, na mdudu akiwa mzima.

"Nimekuletea wapangaji wapya," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepitisha magendo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Baba, hatuwezi kuwaleta. Lazima waje wenyewe."

"Hata kama nawafahamu?"

"Hata kama."

Akaenda kuwafungulia nyuma ya uzio. Alirudi ameshika dole gumba lililovimba. "Hawana shukrani," alisema.

Hapo ningeweza kumwambia. Palikuwa na nafasi, palikuwa na kicheko hewani. Nilifungua mdomo, naye akaniuliza, "Mikanda ya bomba lako ulishailegeza?" na mdomo ukajibu wenyewe, "Ndiyo, baba."

Msanii naye, ambaye nilikuwa nimeuwekea tumaini uvivu wake, akapatwa na bidii. Akachora B. Akachora I. Akachora N, akasimama mbali kuitazama.

"Unaharakisha siku hizi," nilimlaumu.

"Mzee anataka gari liwe tayari tarehe moja, dada. Halafu herufi zako zimenyooka, hazinisumbui. Utafurahi mwenyewe."

Kila mtu alikuwa na hakika nitafurahi.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya mwisho ya mwezi ikapambazuka na jua, na kishonanguo kilichobaki kilikuwa kimefungua ua moja, dogo, jeupe, katikati njano. Nilipindua ndoo, nikakaa. Simu ilikuwa mapajani na ujumbe wa Mama Vipepeo ulikuwa bado haujajibiwa. Nikasikia kitu kinaburutwa. Alikuwa baba, na ndoo ya pili.

"Leo nami nahesabu," alisema, akaketi kando yangu. "Kwa macho."

"Ni kimya dakika kumi, baba."

"Najua. Nimesoma masharti kwenye jalada la daftari lako."

Nikawasha saa. Baba hajui kunyamaza, lakini alijitahidi: alipumua kwa kelele, akajikuna, akajikaripia kwa kujikuna. Dakika ya tatu, sifuri. Dakika ya tano, sifuri. Dakika ya saba akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

Alikuwa mdogo, nusu ya punje ya mchele, mweusi. Alizunguka ua mara mbili kama mpangaji anayekagua chumba. Akasita. Akatua.

"Mabawa manne," baba alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa ameacha kupumua kabisa ili asimpeperushe. "Ni yule wa kwenye nyufa. Mmoja, mama. Andika. Mmoja."

Nikapiga mstari mmoja kwenye daftari.

"Mzee!" Ilikuwa sauti ya Msanii kutoka mbele ya nyumba, ikipita juu ya paa la jiko. "Nimebakiza T na I! Nimalizie?"

Baba alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Alimtazama mdudu, akanitazama mimi, usoni, muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Nimjibu amalizie?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Sawa, baba" ilikuwa tayari mdomoni, kama kandambili zinavyokaa mlangoni zikisubiri miguu. Saa ilisema zimebaki dakika mbili za kukaa kimya. Mdudu wetu aliinua miguu ya mbele, akajifuta uso, akaendelea kula.

"Hapana, baba," nilisema, kwa sauti iliyosimamisha cherehani ya mama barazani. "Sitaki bomba. Nimepata kazi ya kuhesabu wadudu, wakiwa hai, na nimeitaka tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye ndoo hii. Na ninataka na wewe uje, maana bila wewe wote nitawaita nyuki mdogo mweusi."